Globu Isiyowaka: Jinsi Osileta ya Sauti ya Zamani Inavyofanya Kazi

Fundi wa redio akifungua osileta ya sauti ya zamani kwa mara ya kwanza, kitu kitakachomtatiza si valvu (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista) wala transfoma. Ni globu. Iko ndani kabisa, nyuma ya bati, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuiona, na hata mashine ikiwashwa haitoi mwanga wowote. Mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, kama wenzao wa kwingineko, wamezoea kwamba globu isiyowaka ni globu iliyoungua. Basi inang'olewa. Nafasi yake ikiachwa wazi mashine inanyamaza. Ikiwekwa rezista ya kawaida badala yake, mawimbi yanakatwa vichwa, au yanafifia mpaka yanaisha. Kifaa kilichoingia karakana kikiwa kizima kinatoka kikiwa chuma chakavu.

Vifaa hivi bado vipo nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Utavikuta kwenye makabati ya maabara za shule na vyuo, kwenye stoo za misheni, na mara nyingine kwenye rundo la wauza vyuma, kati ya injini ya mashine ya kusaga na betri iliyokufa. Ni sanduku zito la bati lenye sahani kubwa ya namba mbele na nobu moja kubwa ya kuizungusha. Anayekiuza mara nyingi anadhani ni redio iliyopoteza spika.

Osileta ya sauti hutengeneza mlio mmoja safi. Masafa ya mlio huo unayachagua mwenyewe, tuseme kutoka hezi 20 mpaka 20,000 au zaidi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na ukubwa wake unaupanga kwa volti. Yenyewe haipimi chochote. Kazi yake ni kulisha kifaa kingine ambacho ndicho kinachopimwa, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa: wanatafuta mshale au kioo cha kusomea majibu, hawakioni, wanasema kifaa hakijakamilika.

Chukua amplifaya ya kwaya iliyoletwa kutoka Uyole. Wenyewe wanasema inakwaruza ikipandishwa. Ukiijaribu kwa wimbo, muziki unabadilika kila nukta ya sekunde. Sikio linasikia mkwaruzo lakini halikuonyeshi unaanzia wapi. Sasa ingiza mlio mmoja wa hezi 1,000, sehemu ya kumi ya volti, kisha pita hatua kwa hatua na osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini: kwenye kapasita ya kuingilia, kwenye transista ya kwanza, baada ya nobu ya sauti, kwenye transista za nguvu. Ukiwa umeingiza wimbi la duara (sine) na ukakuta mahali kilele cha juu kimekuwa bapa huku cha chini kikiwa kizima, umeshaupata ugonjwa. Hakuna wimbo utakaokupa jibu hilo.

Mluzi wa maiki

Kila aliyewahi kukaa kanisani au kwenye mkutano wa hadhara ameshasikia osileta ikizaliwa. Mchungaji anasogea karibu na spika akiwa na maiki, mara mfumo mzima unapiga mluzi. Sauti ndogo imeingia kwenye maiki, amplifaya imeikuza, spika imeitoa, maiki imeinasa tena, na mzunguko unaendelea. Fundi mitambo anakimbilia mixa kushusha sauti.

Ili mluzi huo udumu yanatakiwa mambo mawili. Sauti inayorudi iungane na ile ya mwanzo ikiwa kwenye mwendo mmoja nayo, yaani zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Na irudi ikiwa na nguvu isiyopungua ile iliyotoka. Ikirudi na nguvu pungufu kidogo tu, mluzi unafifia. Ikirudi na nguvu zaidi, unakua mpaka amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake, na hapo wimbi linakatwa vichwa. Ndiyo maana mluzi wa maiki unaumiza masikio.

Osileta ya maabara ni mzunguko huohuo, ila ndani yake kila kitu kimekusudiwa. Kanisani masafa yanachaguliwa na umbali wa maiki na spika, kuta na bati la paa, bila mtu kuamua. Kwenye osileta masafa yanachaguliwa na wewe, na ukubwa wa wimbi unazuiwa kabla haujafika kwenye kukatwa vichwa. Hilo la kwanza lilitatuliwa mapema. Hilo la pili ndilo lililosumbua.

Njia ya zamani ya kuchagua masafa, ile ya redio, ni koili na kapasita. Kwenye masafa ya redio koili ni mizunguko michache ya waya. Shuka kwenye sauti na mambo yanaharibika. Kwa hezi 50 na kapasita ya maikrofaradi 1 unahitaji koili ya henri 10 hivi, yaani donge la chuma na waya linalokaribia transfoma ya redio ya valvu. Ni zito, linanasa muungurumo wa umeme wa jengo, na chuma chake chenyewe kinachafua wimbi. Isitoshe, masafa ya koili na kapasita yanabadilika kwa kipeuo cha pili tu: ukipunguza kapasita mara 10, masafa yanapanda mara 3 na kidogo tu. Kuvuka kutoka hezi 20 mpaka 20,000 ungehitaji rundo la madonge.

Wengine wakapita njia ya kando. Walijenga osileta mbili za masafa ya juu, moja imetulia kwenye kilohezi 100, tuseme, nyingine inasogezwa kutoka 100 mpaka 120, kisha wakazichanganya na kuchukua tofauti. Mzunguko mmoja wa nobu unapita sauti zote. Ni wazo zuri, na vifaa hivyo viliuzwa kwa miaka mingi. Ubaya wake uko kwenye hesabu: osileta moja ikihama kwa sehemu moja tu ya elfu kwa sababu ya joto, hiyo ni hezi 100. Ukiwa umepanga hezi 60, mlio wako umepotea. Kwa hiyo mtumiaji aliwasha, akasubiri mashine ipate joto, akasawazisha sifuri, akapima, akasawazisha tena. Na vilikuwa ghali.

Jibu lililoshinda halina koili kabisa. Lina rezista mbili na kapasita mbili, zimepangwa kwenye daraja lenye jina la Max Wien, Mjerumani aliyelieleza mwaka 1891 kwa kazi nyingine kabisa, kupima kapasita. Rezista moja na kapasita moja zinafuatana. Nyingine mbili zimekaa ubavu kwa ubavu kwenda ardhini, yaani kwenye sifuri ya volti ya mzunguko. Masafa ya chini yanazuiwa na ile kapasita inayofuatana, ya juu yanamwagwa ardhini na ile ya ubavuni, na katikati kuna masafa mamoja tu ambayo yanapita bila kubadilishwa mwendo. Yanatoka yakiwa theluthi moja ya yalivyoingia. Weka amplifaya inayokuza mara 3, rudisha mwanzo, na mzunguko umefungwa.

Faida yake inaonekana kwenye nobu. Hapa masafa yanakwenda sawasawa na kapasita: ipunguze mara 10, masafa yanapanda mara 10. Kwa hiyo kapasita ya kuzungusha ileile ya redio, yenye mabamba yanayoingiliana, inatosha kutoka hezi 20 mpaka 200 kwa mzunguko mmoja. Swichi ya pembeni inabadilisha rezista mara 10 na sahani ileile inasomeka 200 mpaka 2,000, kisha 2,000 mpaka 20,000. Ndiyo maana osileta nyingi za zamani zina sahani moja na swichi iliyoandikwa ×1, ×10, ×100, ×1K.

Mara tatu kamili

Nimesema amplifaya ikuze mara 3. Si karibu na 3, ni 3. Ikikuza mara 2.99, kila mzunguko unarudi mdogo kuliko uliotangulia na baada ya muda hakuna kitu. Ikikuza mara 3.01 wimbi linakua bila breki mpaka linagonga dari. Hakuna rezista ya dukani itakayokaa sawa kiasi hicho, na hata ungeipata, valvu inazeeka, umeme wa nyumba unapanda na kushuka, joto la asubuhi Iringa si la saa nane mchana. Kinachotakiwa ni kitu ndani ya mzunguko kinachoona wimbi limekua na kupunguza ukuzaji, kisha kinaona limepungua na kuuongeza, chenyewe, bila kuchafua wimbi.

Hapo ndipo globu inapoingia.

Kama una globu ya kizamani ya wati 60, ile ya waya na si ya LED, ipime kwa multimita ikiwa baridi. Utasoma omu sitini na kitu hivi. Sasa piga hesabu ya ilivyo ikiwaka kwa volti 230: volti mara volti gawanya kwa wati, unapata omu zaidi kidogo ya 880. Waya uleule, ukinzani umepanda zaidi ya mara 10 kwa sababu ya joto tu. Fundi aliyewahi kujiuliza kwa nini globu huungua wakati wa kuwashwa na si katikati ya usiku, jibu ni hilohilo: ikiwa baridi inanyonya umeme mwingi.

Kwenye osileta globu imewekwa kwenye njia ya mrejesho ule unaopunguza ukuzaji, yaani sehemu ya wimbi linalotoka inayorudishwa kulipinga linaloingia, kwenye mguu wa kwenda ardhini, na juu yake kuna rezista. Ukuzaji unaamuliwa na uwiano wa hizo mbili: rezista ikiwa mara 2 ya globu, amplifaya inakuza mara 3. Washa mashine. Globu ni baridi, ukinzani wake mdogo, ukuzaji ni zaidi ya 3, wimbi linaanza kukua lenyewe kutokana na kelele ndogo za ndani ya valvu. Linavyokua linapitisha mkondo kwenye globu, waya unapata joto, ukinzani unapanda, ukuzaji unashuka kuelekea 3, na hapo wimbi linatulia. Valvu ikichoka, wimbi linataka kushuka; globu inapoa kidogo, ukuzaji unarudi. Joto linalohitajika ni dogo sana, liko chini kabisa ya kiwango cha kuwaka. Globu inayowaka ndani ya osileta ndiyo ya kutiliwa shaka.

Aliyeweka vitu hivi pamoja ni William Hewlett, akiwa mwanafunzi wa Frederick Terman pale Stanford, Marekani. Vipande vyenyewe vilikuwapo: mrejesho wa kupunguza ukuzaji ulibuniwa na Harold Black mwaka 1927, na L. A. Meacham wa Bell Labs alikuwa ameshatumia globu kutuliza osileta ya kioo cha kwatzi (quartz) mwaka 1938. Hewlett alitia globu kwenye daraja la Wien, akaandika tasnifu yake mwaka 1939, na mwaka huohuo yeye na David Packard wakaanza kampuni kwenye gereji ya Addison Avenue, Palo Alto, kwa mtaji wa dola 538. Bidhaa ya kwanza waliiita 200A ili wateja wasijue kwamba ndiyo ya kwanza. Bei ilikuwa dola 54.40, wakati za washindani zilivuka dola 200. Studio ya Walt Disney ilinunua 8 za toleo lililofuata, 200B, kwa kazi ya sauti ya filamu yake ya muziki iliyotoka 1940. Mdogo wake, 200CD, ulioanza miaka ya 1950 mwanzoni, unatoka hezi 5 mpaka 600,000, maana yake unafika hata kilohezi 455, masafa ya kati ya redio ya AM. Ndio unaopatikana zaidi mikononi mwa watu leo, pamoja na vifaa vya Kijapani vya transista kama Leader na Trio.

Vya transista vingi, hasa vya Uingereza, vimebadilisha globu na kuweka thermista. Inaonekana kama kichupa cha kioo chembamba chenye chembe nyeusi katikati, imeshikwa na nyuzi mbili zisizozidi unywele. Yenyewe inafanya kinyume: ikipata joto ukinzani unashuka, kwa hiyo imewekwa mguu wa juu badala ya wa chini. Usiipige kwa testa ya mshale kwenye kipimo cha chini cha omu. Mkondo wa testa peke yake unatosha kuipasha joto na kukudanganya.

Kutoka kwenye kazi hiyo ya joto yanatoka mambo mawili ambayo si ubovu, ingawa yanaletwa karakana kama ubovu. Ukihamisha swichi ya masafa, wimbi linapanda na kushuka kwa sekunde moja au mbili kabla halijatulia. Ni globu inatafuta joto lake jipya. Na ukishuka mpaka hezi 10 au chini ya hapo, wimbi linapoteza usafi kidogo, kwa sababu sasa linakwenda polepole kiasi kwamba waya unapata nafasi ya kupoa na kupata joto ndani ya mzunguko mmoja. Hakuna kapasita utakayobadilisha ikaondoa hali hiyo.

Ukungu wa Tukuyu

Yafuatayo ni ya huku kwetu. Kapasita ya kuzungusha ya aina hii ina pikofaradi 500 hivi ikifungwa kabisa. Ili ipate hezi 20, rezista yake inatakiwa iwe megaomu karibu 16. Huo ni ukinzani mkubwa mno. Vumbi la kiangazi cha Iringa likilala kwenye swichi na kwenye vishikizo vya kapasita, halina madhara likiwa kavu. Mashine hiyo ikipelekwa Tukuyu au Njombe, kwenye mvua na ukungu, vumbi linanyonya unyevu na kuwa njia ya kuvujisha.

Tuseme njia hiyo ina megaomu 100, ambazo testa ya kawaida haitaziona. Zikikaa ubavuni mwa rezista ya megaomu 15.9, jumla inakuwa 13.7, na hezi 20 ulizopanga zinakuwa 21.5. Wakati huohuo daraja halitoi tena theluthi moja bali pungufu, na globu inalazimika kufidia. Uvujaji ukizidi, masafa ya chini yanakufa kabisa. Hamia ×10, ambako rezista ni megaomu 1.59, na uvujaji uleule unaleta kosa lisilofika asilimia moja. Kwa hiyo osileta iliyo nzima kwenye ×10, ×100 na ×1K, lakini inayumba au imekufa kwenye ×1, usikimbilie valvu. Isafishe kwa brashi laini na spiriti, iache ikauke karibu na joto la wastani, ijaribu tena.

Wakati wa kusafisha utagundua kwamba fremu ya kapasita haijafungwa moja kwa moja kwenye chesisi kama ilivyo kwenye redio. Imesimama juu ya vishikizo vya kauri. Usiifunge kwa skrubu za chuma ili "itulie". Kwenye daraja hili mabamba yanayozunguka yamekaa pale ambapo masafa yanaingia kwenye amplifaya, na kugusisha fremu na ardhi ni kuzima mashine. Kwa sababu hiyohiyo bati linalofunika kapasita lazima lirudi: bila hilo fremu inakuwa antena ya muungurumo wa hezi 50, na ukipanga mlio karibu na 50 au 100 utaona wimbi linapumua, linakua na kupungua polepole.

Omu 600 na spika iliyofungwa koili

Lalamiko jingine: "osileta haina nguvu". Mtu kaunganisha spika ya omu 8 moja kwa moja, kasikia mlio kama wa mbu. Sehemu ya kutolea ya vifaa hivi imepangwa kwa omu 600, kipimo kilichotoka kwenye nyaya za simu. Kwenye 200CD unapata volti 20 bila mzigo na volti 10 kwenye mzigo wa omu 600. Weka omu 8 na karibu volti zote zinabaki ndani. Spika inapata robo ya volti tu. Osileta haikutengenezwa kuendesha spika. Ipeleke kwenye amplifaya kwanza.

Lakini udhaifu huo una matumizi mazuri, na kwangu mimi peke yake yanatosha kuinunua. Spika za besi zikiungua, mafundi wetu wanafunga koili upya na kubandika koni nyingine. Kazi inapendeza kwa macho, ila koni mpya ikiwa ngumu au nzito kuliko ya kwanza, spika inahama kwenye masafa yake ya asili na boksi halitoi tena besi iliyotoa. Kupima ni hivi. Unganisha spika moja kwa moja kwenye osileta, ikiwa nje ya boksi na haijalaliwa na kitu. Weka multimita ya volti za AC kwenye miguu ya spika. Anza hezi 20 na panda polepole. Volti zitakuwa kama robo, kisha mahali fulani zitaanza kupanda haraka, zitafika kilele, zitashuka tena. Mahali pa kilele ndipo masafa ya asili ya spika hiyo. Pale ukinzani wake unaweza kufika omu 40, na volti zikavuka moja. Pima spika nzima ya aina hiyohiyo, pima na iliyofungwa. Zikitofautiana kwa hezi 3 au 4 hakuna shida, zikitofautiana kwa 20 mwambie mteja ukweli. Multimita ya bei nafuu inafaa kwa kazi hii kwa sababu besi iko chini ya hezi 400, ambako nyingi zinaishia kusoma AC kwa usahihi. Ukitaka kupima twita, spika ndogo ya sauti za juu, tumia osiloskopu.

Kijana atauliza, na ana haki: simu yangu ina programu ya kutoa mlio, huu mzigo wa nini? Kwa kutafuta bati linalotetemeka au boksi lililoachia gundi, simu inatosha kabisa, na kwa usahihi wa masafa inaishinda mashine ya mwaka 1955 kwa mbali, maana inaongozwa na kioo cha kwatzi. Inaposhindwa ni kwenye nguvu, kwa sababu simu nyingi hazivuki volti 1. Kwenye masafa, kwa sababu kikomo chake ni kilohezi 20 na kitu. Na kwenye uhai, kwa sababu waya wa simu ukigusa volti 300 za redio ya valvu, hiyo simu umeizika. Vile vifaa vidogo vya siku hizi vinavyotoa wimbi la pembe tatu na la mraba pia? Baadhi vinatengeneza wimbi la pembe tatu kwanza, kisha vinalikunja kwa dayodi lifanane na la duara, na uchafu unabaki kama asilimia moja. Huwezi kutafuta uchafu wa nusu asilimia kwenye amplifaya kwa kutumia chanzo chenye asilimia nzima. Daraja la Wien lenye globu lilikuwa chini ya hapo kabla babu zetu hawajapata redio.

Kabla ya kuchomeka mashine ya aina hii ukutani, geuza nyuma yake. Za Marekani zinaweza kuwa zimefungwa kwa volti 115, za Japani kwa 100, na TANESCO inaleta 230. Nyingi zina swichi au vipande vya waya vya kuhamisha. Zisizo navyo zinahitaji transfoma ya kushushia. Iliyolala stoo miaka mingi iwashe mara ya kwanza ikiwa na globu ya wati 60 iliyofungwa siriz (kwa kufuatana) na waya wa umeme, hii sasa ya kuwaka kweli: ikimeta kisha ikafifia ni dalili njema, ikiwaka na kubaki inawaka kuna kapasita iliyopiga shoti ndani. Za valvu zina volti 300 na zaidi kwenye kapasita kubwa, na zinabaki humo hata baada ya kuchomoa. Zimwage kwa rezista, si kwa bisibisi.

Mwisho ni kusahihisha sahani, na hapa simu inarudi kuwa rafiki. Ipange itoe hezi 1,000 kwenye spika ndogo, peleka osileta kwenye amplifaya kwa sauti inayolingana, zungusha nobu mpaka milio miwili ikaribiane. Utasikia sauti inavimba na kunywea. Kuvimba mara moja kwa sekunde ni tofauti ya hezi 1. Endelea mpaka kunakuwa polepole sana, kisha soma sahani. Rudia sehemu kadhaa. Kosa likiwa sawa kwa asilimia kote kote, sahani imeteleza kwenye mhimili wake: legeza skrubu, iweke mahali pake, kaza. Likiwa kwenye hatua moja ya swichi tu, rezista za hatua hiyo zimepanda. Likiwa linaongezeka kuelekea mwisho wa juu wa sahani, ambako mabamba yamefunguka, tafuta kapasita ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi iliyo ubavuni mwa ile kubwa; iguse robo mzunguko tu kila mara, na uwe umerudisha bati la kufunika kabla ya kusikiliza tena.